Miaka Miwili ya Bupe

Wenzangu mliobaki na mitambo, mmeniomba niandike namna kazi ilivyokuwa, nami nimekubali kwa sababu tangu nistaafu mke wangu amechoka kunisikiliza. Vyeo na mishahara sitaandika. Vipo kwenye faili la ofisi, na faili lenyewe ni jembamba. Nitaandika yale ambayo yakipotea mtayatafuta, na kubwa kuliko yote ni habari ya mwimbaji aliyeimba miaka miwili na miezi michache, halafu akanyamaza. Wengi wenu mnaijua sauti yake. Msichojua ni kwamba aliyemnyamazisha ni mimi.

Nilianzia kwenye kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko la Tukuyu. Mwenye kibanda alikuwa Mzee Shabani, mtoto wa muuza nguo, mtu wa swala tano na maneno machache. Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe na bisibisi mbili mfukoni, ili nionekane fundi. Akazichukua, akazitia kwenye droo, akafunga. Mwezi mzima hakunipa kitu cha kushika. Mteja akileta redio, yeye aliiwasha na kuniuliza, "Inaumwa wapi?" Nami nilitakiwa kuutaja ugonjwa kwa masikio tu, kabla ya kifuniko kufunguliwa. "Redio haifunguliwi kabla ya kusikilizwa," alikuwa akisema. "Ukitanguliza macho yatakudanganya."

Nusu ya redio zilizoletwa hazikuwa zimeharibika, zilikuwa zimekaliwa. Mende, sisimizi, na safari moja panya na watoto wake watano, kwenye redio ya mama mmoja wa Kisiba aliyekuwa ameapa kwamba tatizo ni mtangazaji. Adui yetu mwingine alikuwa unyevu. Tukuyu hata chumvi hailali kavu, na chuma kilichosahauliwa Jumatatu, Ijumaa kimeota kutu. Mzee Shabani alinifundisha kuweka vipande vya mkaa kwenye kila kopo la vifaa, vinyonye maji ya hewa. Bado naona vijana wanaweka mitambo ya thamani kwenye kabati tupu. Wekeni mkaa.

Kituo chetu kilipofunguliwa kwenye nyumba ya vyumba vinne kule Makandana, walimtaka Mzee Shabani awe fundi mkuu, naye akasema haji bila mimi. Tulikuta mikisa moja ya kuchanganyia sauti, deki mbili za kaseti, vipaza sauti vitatu, na paa la bati. Kila anayejua mvua yetu anajua maana ya bati kwa mtu anayerekodi kwaya. Tulijaza majani makavu ya mgomba juu ya dari, safu kwa safu, mpaka mvua ikawa inanong'ona badala ya kupiga kelele. Panya walitushukuru sana. Hata hivyo kurekodi kulifanyika asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, kabla mawingu hayajashuka kutoka Mlima Rungwe. Kwaya zililala njiani ili ziwahi.

Asubuhi mojawapo ilikuja kwaya ya Kisiba. Watu kumi na mmoja, na wa mwisho kabisa kwenye mstari alikuwa binti mfupi mwenye sweta la kijani, jina lake Bupe. Wenzake waliimba vizuri, kwa pamoja. Yeye alichelewa. Wenzake wakiingia kwenye neno, yeye hayumo, wakikaribia kulimaliza ndiyo anaingia. Nilisimamisha kaseti.

"Dada wa mwisho pale, unachelewa."

"Samahani, kaka fundi."

Tukaanza upya, akachelewa. Nikasimamisha tena. Mara ya tatu nilimwambia kwa ukali, na mara ya nne akaimba kwa wakati sawasawa na wenzake. Nikafurahi. Nilipogeuka nikamwona Mzee Shabani amevua hedifoni na kuzishika mikononi, ananitazama kwa masikitiko.

"Mwache achelewe," akasema.

"Lakini Mzee, anaharibu..."

"Nimekufundisha miaka mingapi kusikiliza kabla ya kufungua? Umemfungua binti wa watu kabla hujamsikiliza."

Akanivisha hedifoni. Tukarudisha kaseti mwanzo, tukasikiliza ile mara ya kwanza niliyoikata. Niliona aibu ambayo sijawahi kuimaliza. Binti hakuwa anachelewa kwa kutojua. Alilishika neno kooni, akalizuia hadi wewe msikilizaji ukawa umelihitaji, na lilipotoka lilitoka na mpasuko mdogo mwishoni. Vinyweleo vya mikono vilinisimama. Siku hiyo hiyo mtangazaji wetu wa jioni, mtu aliyekuwa na sanduku la sahani za santuri za Wamarekani weusi, aliposikia kaseti alipiga meza akasema, "Jamani, hii ndiyo soul! Tumeitafuta ng'ambo, kumbe inalima viazi Kisiba!"

Nilimuuliza Bupe amejifunza wapi. Akasema kwa bibi yake, misibani. "Bibi akimwita marehemu, jina linakwama kwanza. Linakwama hapa," akajigusa koo. "Likitoka, watu wote wanalia. Mimi nikaona hata furaha inakwama vilevile, kaka fundi, ila watu wanaiharakisha."

Kwa miaka miwili iliyofuata tulirekodi nyimbo zake tano, yeye peke yake na gita la mwenzake mmoja wa kwaya. Zote zilikuwa nyimbo za furaha: za kushukuru, za mavuno, moja ya kumkaribisha mgeni. Zilipigwa saa nne asubuhi, na nyapara wa shamba moja la chai alituandikia barua kuomba tubadilishe saa, maana wachumaji wote walikuwa wanasimama na majani mkononi. Wazee fulani wa kanisa walinung'unika kwamba binti analeta msiba ndani ya ibada. Wengine walikuja kituoni kutoka mbali kuuliza anafananaje. Alialikwa Mbeya mjini, akaimba mbele ya umati uwanjani, na watu wazima walilia mchana kweupe. Akarudi Kisiba akaendelea kupalilia. Nilikuwa na hakika kwamba mwaka mmoja zaidi na nchi nzima ingemjua.

Msikilizaji wetu mwaminifu kuliko wote alikuwa Mzee Asajile wa Kinyala, mkulima wa ndizi na chai, mzee wa kanisa. Kila wiki alituma barua. Alijua majina ya kwaya zote, alijua nani ameacha na nani ameoa, na kila barua ilimalizia na ombi la wimbo wa Bupe. Basi fikirieni furaha yetu tuliposikia kwamba Bupe anaolewa na Lugano, kijana wa huyo huyo Mzee Asajile.

Hapa lazima niwaeleze vijana wa mjini, maana siku hizi naona mnapiga picha na baba wakwe zenu, mikono mabegani. Kwetu Unyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Hakai naye chumba kimoja, hasemi naye, hatamki jina lake. Wakikutana njiani, yeye anaingia migombani mpaka baba apite. Na baba naye anamkwepa vilevile. Haya yote hayatokani na chuki. Ni heshima, tena kubwa kuliko zote tulizo nazo, na kwa wazee wa rika la Mzee Asajile haikuwa na mlango wa nyuma.

Mimi niliyajua hayo. Nimeyanyonya. Lakini nilikuwa nimeshinda miaka kati ya nyaya na masanduku, na nikadhani sauti ikishaingia kwenye kaseti inakuwa mali ya mitambo. Jumapili ya kwanza baada ya harusi, asubuhi, nikaandika kadi ya salamu kwa mkono wangu, nikampa mtangazaji, naye akaisoma kwa mbwembwe: "Salamu za pekee kwa Mzee Asajile wa Kinyala, na sasa anaingia nyumbani kwake mkamwana wake mwenyewe, Bupe!" Nikaachia kaseti.

Tungeupiga wimbo tu bila salamu, mzee angeweza kujifanya hajui. Lakini tulikuwa tumetangaza wilaya nzima kwamba mkamwana anaingia, naye akaingia kweli, kwa sauti yote, sebuleni ambako mzee alikuwa ameketi na wageni wa harusi wanakunywa chai. Waliokuwepo walinisimulia. Mzee Asajile alisimama, akajifunika koti kichwani, akatoka kwa mlango wa uani na kikombe mkononi, akasimama mvuani hadi wimbo ulipokwisha. Wageni walijaribu kujizuia, wakashindwa. Hadi jioni Kinyala yote ilikuwa inacheka kwamba Mzee Asajile amefukuzwa kwake na redio yake mwenyewe.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Katikati ya wiki niliitwa Kinyala na kaseti yangu. Mzee Shabani alinisindikiza bila kuombwa. Tulikuta wazee wanne wameketi kwenye viti uani, Mzee Asajile katikati. Bupe alikuwa jikoni, haonekani, na mama mkwe wake ndiye aliyekuwa akipeleka na kuleta maneno. Nilidhani nimeitwa kutukanwa. Nilikuwa nimeitwa kama mtaalamu.

"Fundi," akasema mzee mmoja, "hebu tuelese. Hii sauti ya ledio ni mtu, ama si mtu?"

Nikaeleza kadiri ya ujuzi wangu. Kwamba sauti ni hewa inayotikisika, kwamba kaseti ni utepe uliopakwa unga wa chuma, kwamba ndani ya kasha hakuna mtu. Nililifungua nikawaonyesha. Walilipitisha mkono kwa mkono kwa heshima.

"Sawa," akasema yule mzee. "Lakini wewe ukiusikia huo unga wa chuma, unamjua ni nani?"

Ningeweza kudanganya. Nimelifikiria swali lile maisha yangu yote. "Namjua," nikasema. "Hata neno moja likinifikia namjua ni Bupe."

"Basi ni mtu," akasema, na wengine wakaitikia kwa vichwa. Kesi ikaisha hapo, nimeshindwa na ushahidi wangu mwenyewe.

Ikaamuliwa nyimbo za Bupe zisipigwe tena redioni maadamu baba mkwe wake anazisikiliza redio za wilaya hii. Hakuna aliyesema Bupe asiimbe kanisani. Lakini mama mkwe alitoka jikoni na ujumbe ambao hakuna aliyeuomba: "Mtoto anasema ataacha kuimba kabisa mbele sa watu. Anasema hataki jina la baba lichekwe kwa ajili yake." Nilimtazama Mzee Asajile. Alikuwa ameinamisha kichwa, na sikuona furaha yoyote usoni pake. Yeye ndiye aliyempenda mwimbaji yule kuliko sisi sote, naye ndiye aliyekuwa amefunga mlango. Nililia njiani, nikiwa mtu mzima mwenye mtoto.

Tulitembea hadi barabara kuu. Kisha Mzee Shabani akasimama kufunga kamba ya kiatu, akasema akiwa ameinama vilevile, "Wamekataza redioni. Masikioni hawajakataza."

Hiyo ndiyo sababu ya utaratibu ambao wengi wenu mliukuta kituoni na mkadhani ni ushamba wangu. Kila mwimbaji mchanga aliyekuja kurekodi, kabla sijamwekea kipaza sauti, nilimkalisha pembeni, nikamvisha hedifoni, nikamsikilizisha nyimbo tano za Bupe. Hazikutoka nje ya masikio yake. Kwanza nilimtuma Lugano kumwomba ruhusa Bupe mwenyewe, na jibu lake ninalo kichwani mpaka leo: "Mwambie kaka fundi awasikilizishe. Ila wasiimbe kama mimi. Wachelewe kwa sababu zao wenyewe."

Nikawaambia hivyo hivyo, mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka. Kaseti ilianza kuota ukungu mweupe, nikaisafisha kwa pamba na spiriti, sentimita kwa sentimita. Nikainakili, nikainakili nakala. Kompyuta zilipokuja, kitu cha kwanza nilichoingiza humo ni hizo nyimbo tano, kabla ya taarifa za ofisi, na niliandikiwa barua ya kujieleza. Mzee Shabani akafariki, Mungu amrehemu. Walipofungua droo ya kibanda chake walikuta bisibisi zangu mbili, zimepakwa mafuta zisishike kutu.

Kidogo kidogo nikaanza kuusikia mtindo wake kwa wengine. Kwanza ni dada mmoja wa kwaya ya Masukulu, neno lilimkwama kooni kwenye wimbo wa Krismasi. Halafu vijana watatu wa Kiwira. Halafu kwaya nzima, kumi na tano, wote wakachelewa pamoja, na waumini wakasimama bila kuambiwa. Watu wakauita mtindo huo kuchelewa, basi. "Huyu anajua kuchelewa," walisema, na ilikuwa sifa. Mwalimu mmoja wa muziki kutoka mbali alikuja kufanya utafiti, akaniambia ni mtindo ulioletwa na wamisionari. Nikampa chai.

Aliyeufikisha mbali ni Gwantwa. Alikuja kituoni akiwa binti wa sekondari, simu mkononi, amechoka kabla hajaanza. Nikamvisha hedifoni. Wimbo wa kwanza ulipokwisha akazivua, macho yamejaa machozi.

"Mzee, hii ni noma! Huyu dada yuko wapi?"

"Kinyala. Analima ndizi."

"Acha utani, Mzee."

"Nina utani na kazi?"

Leo Gwantwa mnamjua, nyimbo zake zinapigwa Mbeya na Dar es Salaam, kwenye simu za watu wasiojua Rungwe iko upande gani. Alipoulizwa kwenye mahojiano amesomea wapi kuimba, alijibu, "Kwenye hedifoni, Tukuyu." Watangazaji walicheka wakadhani ni mzaha. Mimi niliongeza sauti ya redio hadi jirani akagonga ukuta.

Na Mzee Asajile? Alisikiliza yote. Simu zilipoenea aliacha barua akawa anapiga. "Fundi, nipigie yule binti anayechelewa," alisema, na alimaanisha Gwantwa, au mwingine yeyote wa namna ile. Kila mara niliupiga wimbo aliouomba. Niliutii uamuzi wa wazee kwa herufi, sikupiga wimbo hata mmoja wa Bupe hewani. Lakini nilijua kwamba nilikuwa nimemzunguka mzee wa watu.

Miezi mitatu kabla sijastaafu alishuka kwenye bodaboda mbele ya kituo, fimbo mkono mmoja, kofia mkono mwingine. Nikamwamkia, nikamkaribisha ofisini. Akakataa chai.

"Nimekuja kuulisa jambo moja kabla sijafa," akasema. "Nasikia wewe unatangulia kustaafu, nikasema niwahi. Hawa watoto wote wanaochelewa, nani kawafundisha? Wako wengi sana. Hawawesi kuwa na mwalimu saidi ya mmoja."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nimekaa kimya zaidi ya miaka ishirini. Nikamweleza. Hedifoni, ruhusa ya Bupe, yote. Sikumtaja Mzee Shabani, maana marehemu hatetewi kwa kusingiziwa, lawama nikaichukua mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema polepole, "nilikuwa namsikilisa mkamwana wangu."

"Ndiyo, baba."

"Na watu wa Kinyala wanajua?"

"Nadhani wote wanajua, baba."

"Basi mjinga ni mimi peke yangu." Akavaa kofia, akaondoka. Sikujua amekasirika au vipi. Wiki mbili simu yake haikuita, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilitamani kustaafu mapema.

Wiki ya tatu alikuja Lugano, anahema na anacheka. Baba yake alikuwa amewaita wazee. Katika wale wanne wa zamani alikuwa amebaki yeye na mwingine mmoja, ndiye yule aliyeniuliza kama sauti ni mtu. Mzee Asajile aliwaambia, "Sauti ni mtu, tuliamua kweli. Lakini mtu huyo ameingia nyumbani kwangu kila siku miaka ishirini, na nyumba haikuanguka. Aliyefunga ndiye anayefungua." Akamtoa mtamba mmoja wa ng'ombe, akampelekea Bupe kupitia kwa mama mkwe, alama kwamba amemfungulia. Masharti yalibaki mawili: wasionane, na wasisemeshane. Kusikia tu.

"Na baba anataka kumsikia kwa sauti yake mwenyewe," Lugano akasema. "Si kaseti. Anasema kaseti ameshachoka nazo."

Tukapanga iwe Jumapili yangu ya mwisho kazini. Bupe alifika kwanza, kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mama mtu mzima, mvi mbili tatu, mikono migumu ya jembe. Gwantwa alikuwa amesafiri usiku kutoka Dar es Salaam kwa ajili hiyo, naye, mwanamuziki ambaye watu hupanga foleni kumwona, alimbebea Bupe mkoba hadi chumba cha kurekodia, kisha akashika gita. Nikatundika kitenge kwenye kioo kinachotenganisha chumba kile na studio. Nilipokuwa nikimsogezea kipaza sauti, Bupe akanishika mkono.

"Kaka fundi, kama sauti imeoza?"

"Kaseti ndizo zinazooza, dada."

"Sijaimba mbele ya watu tangu siku ile. Wao wote wanaimba vizuri kuliko mimi. Watasema, kumbe ndiye huyu tu?"

Nikamaliza kumsogezea kipaza sauti. Niliogopa kuliko yeye. Miaka yote nilikuwa nimewaambia watoto wa watu kwamba huyu ndiye chanzo, na kama sauti ingekuwa imekwisha, basi nilikuwa nimeimaliza mimi kwa kadi moja ya salamu.

Mzee Asajile akaletwa kwa mlango wa mbele, akaketishwa studio karibu na mtangazaji, nikamvisha hedifoni. Upande wa pili wa kitenge Bupe alikuwa hatua tano kutoka kwake. Nikafungua vipaza sauti. Tulikuwa hewani, wilaya nzima.

Gita likaingia. Likafika mahali pa neno la kwanza. Neno halikuja. Gita likazunguka tena, likafika, neno halikuja. Kimya cha namna ile redioni ni kosa la kazi. Nimewaandikia baadhi yenu barua za onyo kwa kimya kifupi kuliko kile. Mtangazaji alininyooshea mkono kwa hofu nikate, na mkono wangu ulikuwa juu ya mikisa. Sikuugusa. Nilikuwa nimeshamkata mara tatu maishani, na zilitosha.

Likatoka. Lilikuwa zito kuliko la ujana, limeshuka chini, na mpasuko wa mwisho ulikuwa umepanuka ukawa na miaka yote ndani yake. Haikuoza. Niwaambie ukweli wenzangu, ile ya kaseti ilikuwa mazoezi. Aliimba ule wimbo wa kumkaribisha mgeni kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Gwantwa alipojaribu kumsaidia kwenye kiitikio alishindwa, akawa analia na kupiga gita tu. Nje, kwenye uwanja wa kituo, watu walikuwa wamekusanyika bila kutangaziwa. Niliwaona kwa dirisha wamesimama na miavuli imefungwa, na mvua inanyesha.

Wimbo ukaisha. Mzee Asajile alikuwa analia waziwazi, hajifuti. Mtangazaji alikuwa anatafuta karatasi ya matangazo ya vifo, kama ilivyo ratiba. Mzee akanyoosha mkono, akavuta kipaza sauti cha mtangazaji hadi mdomoni kwake. Lugano aliyekuwa mlangoni akashtuka, akaniangalia, maana hili halikuwa kwenye makubaliano. Nilitakiwa kushusha sauti. Nikaipandisha.

"Mkamwana," akasema mzee.

Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ludia, mwanangu. Mala hii usinicheleweshe sana, mimi ni msee."

Nikasikia Bupe anacheka, kicheko cha msichana kabisa, hewani, Rungwe yote inasikia. Kisha akavuta pumzi, akarudia.